Bukchon: mtaa wa kutembelea ambao bado ni nyumbani kwa watu

Tangu Machi 1, 2025, mtalii anayekutwa akizurura na kupiga picha katika uchochoro wa Bukchon-ro 11-gil, jijini Seoul, kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, anaweza kutozwa faini ya won 100,000, kama dola 70 za Marekani. Wasafiri wengi wameipokea habari hiyo kwa hasira. Wanasema barabara ni ya umma, iweje mtu aadhibiwe kwa kutembea? Hoja hiyo ina uzito na nitaifikia. Ila wengi wanaoitoa hawajajiuliza mtaa wenyewe ni kitu gani hasa.

Bukchon iko kati ya majumba mawili ya kifalme, Gyeongbokgung na Changdeokgung, na mgeni anayepanda kilima kile huamini anapita katika makazi ya enzi za wafalme wa Joseon. Sivyo. Nyingi ya hanok anazozipiga picha, zile nyumba za mbao zenye mapaa ya vigae vya kijivu, zilijengwa miaka ya 1920 na 1930, Korea ikiwa chini ya utawala wa Japani. Walowezi wa Kijapani walikuwa wamejikita upande wa kusini wa mto Cheonggyecheon na walikuwa wanazidi kusogea kaskazini. Mjenzi mmoja Mkorea, Jeong Se-gwon, akanunua viwanja vikubwa vya mabwana wa zamani, akavikatakata, akajenga hanok ndogondogo zilizobanana ambazo Wakorea wasio matajiri wangeweza kuzimudu. Mtu huyuhuyu alikuwa mfadhili wa chama kilichokuwa kikiandaa kamusi ya Kikorea, na Wajapani walipowakamata wanachama wake mwaka 1942, naye alitiwa mbaroni. Kwa hiyo nyumba hizi zilijengwa ili wenyeji wasisukumwe nje ya mji wao. Anayetaka kuiheshimu historia ya mtaa huu hana budi kuanzia kwa anayelala ndani yake.

Tuitazame basi hanok ya mjini kwa karibu. Haina bustani ya mbele, wala nafasi ya kuitenga na njia. Ukuta wa nyumba ndio ukuta wa uchochoro. Lango la mbao linafungukia njiani, nyuma yake kuna ua mdogo usio na paa, na vyumba vimeuzunguka. Milango ya vyumba kwa asili ni fremu za mbao zilizobandikwa karatasi. Mtu akicheka nje ya lango, kicheko kinashukia uani na kuingia kila chumba. Mkazi akifungua lango atoe taka, yupo anayechungulia na yupo anayetaka kuingia na simu mkononi.

Sasa zije namba. Eneo zima la Bukchon lina wakazi wapatao 6,000, na kwa mwaka mmoja limekuwa likipokea wageni wapatao milioni 6. Ni wageni elfu moja kwa kila mkazi, zaidi ya 16,000 kwa siku. Wapinzani wa faini husema hesabu hiyo inadanganya, kwa kuwa Bukchon ni pana, ina makumbusho, mikahawa na maduka, na si kila mgeni anafika penye nyumba za watu. Ni kweli. Basi tuipunguze. Tuchukulie kwamba robo tu ndiyo inayopanda hadi 11-gil, kule juu ambako safu mbili za mapaa zinashuka na mnara wa Namsan unaonekana kwa mbali. Bado ni watu 4,000 kwa siku. Wagawe kwa zile saa saba zinazoruhusiwa, utapata karibu watu kumi kila dakika, wakipita mbele ya lango lako kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja, Jumatatu hadi Jumatatu. Hayo ndiyo maisha baada ya sheria kuanza. Namba hii hainitoki kichwani. Tunajadili kana kwamba wakazi wamewafungia watu mtaa, ilhali wameachia mchana wote na wameomba usiku na asubuhi tu.

Wala faini haikuwa hatua ya kwanza. Mwaka 2018, baada ya wakazi kuandamana, jiji liliweka saa za kutembelea kwa hiari, likabandika matangazo ya lugha kadhaa yakiomba utulivu, likaweka watu wa kuwakumbusha wageni. Hiari haikutosha. Na Seoul imekwisha kuonyeshwa kinachotokea wakazi wasiposikilizwa. Katika kijiji cha Ihwa, umbali mfupi kutoka hapo, mwaka 2016 baadhi ya wakazi walichukua rangi wakafuta wenyewe michoro mashuhuri ya maua na samaki kwenye ngazi, kwa kuchoshwa na kelele za waliokuja kuipiga picha.

Upande wa pili nao una lake. Tangu 2001 jiji limekuwa likitoa ruzuku ya kukarabati hanok za Bukchon. Karani wa Seoul aliyechangia kwa kodi yake, anayetoka kazini jioni, ana haki ya kuuliza kwa nini hawezi kuvitazama vigae alivyosaidia kuvinunua. Mwenye mkahawa naye analia, na Juni jua la Seoul linazama karibu saa mbili usiku, hivyo saa kumi na moja bado ni mchana mweupe. Hoja hizi ni za kweli, ila nyingi zinajibika. Marufuku inahusu tu eneo la 11-gil, lililopewa jina la eneo jekundu, mita za mraba 34,000, ambazo hazifiki viwanja vitano vya soka, na mteja wa duka lililomo humo haguswi. Karani ana Jumamosi na Jumapili. Anayeishi ndani hana siku ya kupumzika.

Linalonisumbua ni jingine, na hapo siwezi kuitetea sheria. Mgeni aliyelipia chumba katika hanok ya kulala wageni ameruhusiwa kupita saa yoyote. Kwa mwenye biashara ni sawa. Kwa jirani wa ukuta mmoja, magurudumu ya begi juu ya mawe saa nne usiku ni kelele ileile, awe aliyelivuta amelipia kitanda au la. Kibaya zaidi, kila familia inayochoka na kuhama inaacha nyumba inayoweza kugeuka ya wageni, na msamaha huu unaiongezea thamani kwa kuwa ndiyo pekee inayouza jioni ya Bukchon. Wakazi wamekuwa wakipungua, na sheria iliyotungwa kuwalinda inaweza kuwaharakishia safari.

Kwa hiyo nasema faini ibaki, na saa kumi na moja ibaki, hata Juni. Lakini ndani ya eneo jekundu leseni mpya za nyumba za wageni zisitolewe, na zilizopo ziwekewe saa ya mwisho ya kupokea mizigo. Wilaya ya Jongno, inayosimamia Bukchon na iliyoweza kumtoza mpita njia won 100,000 haishindwi kumwekea masharti mwenye vyumba vya kupangisha.