Keshia wa Luke Combs

Luke Combs, mwimbaji wa Marekani, ana ndevu zimejaa uso na mwili wa mpakia magunia, halafu anaimba kwamba yeye ni msichana wa kaunta dukani. Neno hilo moja, msichana, ndilo lililonirudisha kwenye "Fast Car", wimbo niliodhani naujua.

Mtunzi wake, Tracy Chapman, aliutoa mwaka 1988. Juni ya mwaka huo pale Wembley, kwenye tamasha la miaka 70 ya Mandela, naye Mandela bado yuko kifungoni, mitambo ya Stevie Wonder ilileta shida. Chapman akarudishwa jukwaani kuziba pengo, peke yake na gita lake, akaimba. Kwenye chati kuu ya Marekani wimbo ukaishia namba 6. Mwaka 2023 Combs, Mzungu wa muziki wa kantri, akaurudia, ukafika namba 2, na Chapman akawa mtunzi wa kwanza Mweusi kupata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani. Miaka 35 baadaye! Kuna waliosema mlango ulifunguka kwa sababu aliyebisha hodi ni Mzungu, na hawakukosea.

Ila Combs mwenyewe simlaumu. Kujiita kijana wa kaunta kungekuwa rahisi tu, na hakujiita.

Juzi nilikuwa namtafsiria mdogo wangu wimbo huo tukiosha vyombo. Baba mlevi, mama kaondoka, mtoto kaacha shule, sasa ni keshia.

"Dada, kwani anayeimba ni wa kike au wa kiume?"

Nikakwama. Kwetu keshia ni keshia. Na yule mwenye gari, anayeimbiwa? Hata Chapman hakusema, anamwita "wewe" mwanzo hadi mwisho. Kwa Kiswahili wote wawili wangebaki bila jinsia, na lile neno alilolibeba Combs lisingemlemea mtu.

Lakini kuna pahala Kiswahili kinauanika wimbo huu. Mwanzoni anauliza: gari lako lina kasi ya kutosha tupae? Miaka inapita. Bili zote analipa yeye, mwenzake anakesha baa, marafiki wanamwona kuliko watoto wake. Swali linarudi lilelile, ila herufi moja imedondoka: gari lako lina kasi ya kutosha upae?

Mdogo wangu akafunga bomba.

"We dada. Si anamfukuza huyo?"