Nati ikazwe mpaka wapi?

Msimu wa korosho ukifika, gereji za Mtwara mjini hujaa malori, na ubishi huwa uleule. Fundi anachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, anakanyaga kwa uzito wake wote mpaka nati inalia. Mwenzake anamaka: "Kaka, utakata bolti!" Kwenye ndege swali ni hilohilo, ila kosa lake hulipwa kwa roho za watu.

Anayekaza ana hoja nzito. Bolti ikibana vizuri, sehemu kubwa ya mzigo hupita kwa msuguano wa bati na bati, na ukingo wa tundu la bolti hupumua. Hapo ukingoni ndipo penye balaa: kwenye tundu la duara, mkazo, yaani nguvu inayolivuta bati kwa ndani, hufika karibu mara 3 ya ule wa bati lenyewe. Kila ndege inapopaa, hewa hujazwa ndani, inaposhuka, hutolewa. Ukingo unavutwa, unaachiwa, maelfu ya mara, na aluminiamu huendelea kuchoka hata kwa mkazo mdogo. Bolti iliyolegea inacheza, bati zinasuguana, ufa unazaliwa. Kwa hiyo mwenye bomba simdharau.

Lakini bolti nayo ni kama mpira mgumu. Ikivutwa kupita kiasi hairudi, na mbano uliotafutwa unapotea, huku nati ikionekana imekaza.

Basi spana yenye kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, imalize ubishi? Hapana. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano wa nyuzi, ile mikato inayozunguka bolti, na wa uso wa nati. Kinachobaki kuivuta bolti ni kidogo, takriban sehemu 1 kati ya 10. Nyuzi zikiwa na kutu, kipimo kinasoma vilevile lakini mbano ni mdogo. Kwetu, chumvi ya bahari haipumziki.

Mwaka 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyokuwa imeruka mara 89,680 ilibanduka paa angani, na mhudumu mmoja akafariki. Nyufa zilianzia kwenye matundu ya ribiti, zile pini za chuma zinazounga bati na bati, na kutu ilikuwa imedhoofisha maungio.

Mimi nasimama na kipimo, ila baada ya kusafisha. Kijana mmoja pale gereji husugua nyuzi kwa brashi ya waya na dizeli, anazifuta kwa kitambaa, ndipo anashika spana. Wenzake humwona mzembe. Lori lake mimi ningepanda.