"Ambapo" inatuponza kwenye Kiingereza

Kukariri "who", "which", "where" na wenzao, yaani maneno ya Kiingereza ya kurejelea jina lililotangulia, ubaoni ni kupoteza kipindi. Ukikusanya insha za kidato cha pili hapa Mbeya utaona maneno hayo yameandikwa bila kosa la herufi, na sentensi bado imevunjika. Kinachotuponza ni kitenzi cha Kiswahili, na dawa imo humo humo.

Tazama "mwalimu niliyemwona Uyole". Hiyo -ye- inamrejelea mwalimu, halafu -mw- inamtaja tena. Kwetu ni lazima. Ukisema "niliyeona", aliyeona ni wewe. Mwanafunzi anahamisha vyote viwili: "The teacher whom I saw him at Uyole". Kiingereza kinakataa, maana "whom" imeshakalia kiti cha "him".

Anza na sentensi mbili: "The teacher is sick. I saw him at Uyole." Futa "him", weka "whom" mbele ya "I saw", kisha chomeka kipande chote mara tu baada ya "The teacher": "The teacher whom I saw at Uyole is sick." Mwanafunzi mwenyewe afute kwa kalamu, aone neno likiondoka. Akipenda aweke "that", au asiweke kitu: "The teacher I saw at Uyole is sick." Kwa vitu kazi ni nyepesi, kwa sababu hata sisi tunasema "viazi tulivyonunua Mwanjelwa" bila kuvitaja mara ya pili.

"Whose" nayo ni "ambaye" na "yake" zilizoungana. Ndiyo maana "Mkwawa, who his skull was returned in 1954" ni kosa. Ni "Mkwawa, whose skull".

Sasa mahali. Mtu akiona jina la mji tu, mbio kwenye "where": "Tukuyu is the town where I visited". Jisikilize kwanza kwa Kiswahili. Mji nili-o-utembelea: umesikia -o- ya ngeli, andika "which". Mji nili-ko-zaliwa: umesikia -ko-, andika "where". Na ukishaandika "where" usibandike "in" mwishoni, imo tayari ndani yake. Ukiitaka sana, sema "the town in which I was born".

Kipimo hicho kinateleza kwenye -po-, inayobeba mahali na wakati pia. "Mwaka 1970, ambapo ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza" hugeuzwa kuwa "in 1970, where". Mwaka hauna mahali, ni "when". Wengine wakikwama hukimbilia "whereby", ugonjwa wetu Watanzania, hata kwenye ripoti za ofisini. Neno hilo maana yake ni "ambao kwa huo": "a system whereby farmers are paid by weight". Nje ya hapo mimi ningelikata bila huruma.

Koma nazo zina kazi. "My brother who lives in Makambako" inadokeza kuwa una kaka wengine, na unamtenga huyu mmoja. Ukiweka koma kabla ya "who" na baada ya "Makambako", kaka ni mmoja tu, na Makambako ni habari ya ziada. Mkwawa wa fuvu lile naye ni mmoja, kwa hiyo koma zake ni lazima. Ndani ya koma hizo "that" haiingii.