Si malezi na dini tu

Nimesoma makala kuhusu imani kwamba dunia ina haki, yaani kila mtu hupata anachostahili. Mwandishi wake anasema imani hiyo tunaipata kwenye malezi na dini. Sawa, ila kaacha kitu kikubwa: woga kwamba mabaya yanaweza kutufika hata sisi. Mwaka 1966 huko Marekani, wanasaikolojia Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi wa chuo mwanamke akipigwa shoti ya umeme kila akikosea jibu. Alikuwa anaigiza, wao hawakujua. Waliopewa nafasi ya kumnusuru, wengi wao walimnusuru. Walioambiwa mateso yanaendelea, na wao hawana la kufanya, wakaanza kumshusha thamani mtoto wa watu! Hakuwakosea chochote.

Mbona tunayafanya kila siku? Mtu kapata ajali, kabla hata ya pole tunauliza, "Kwani alikuwa anakimbilia wapi?" Tukishampata na kosa, roho inatulia: sisi tunaendesha taratibu, hayatatufika. Na aliyefanikiwa ana sababu ya ziada ya kuamini, kwa sababu dunia ikiwa na haki, basi alichonacho kakistahili.

Hilo ndilo lililohitaji nafasi. Ile sehemu ndefu ya dini kwenye makala yake ingetosha aya moja.