Saa Ndogo, Karaha Kubwa

Nani alisema kitu kikiwa kidogo na kazi yake ni ndogo? Aje hapa anishikie kibano.

Natengeneza saa ya kabati, zile ndefu za kizamani za Uingereza, ila yangu ya kipimo cha 1 kwa 12. Ya kweli ina mita 2 na kitu; yangu haifiki sentimita 18. Uso wake wa sentimita 30 umebaki 2.5, na humo nipange namba za Kirumi zote, tena nne iwe IIII, maana ndivyo mafundi wengi wa zamani walivyoandika. Ukikohoa tu, saba imekwenda na maji. Juzi bawaba ya mlango iliruka, nyumba nzima tukapiga magoti kuitafuta. Mama watoto kaikuta kwenye soksi yangu. "Baba Neema, hiki ndicho kinachokukosesha usingizi?"

Mbao nazo zina kiburi. Mwaloni ukiukata mdogo, nyuzi zake hazipungui. Mlango unaonekana umechanjwa chale. Unatafuta mti wenye nyuzi laini, kama mpeasi, unaupaka rangi ujifanye mwaloni. Shemeji anasema, "Kumbe feki."

Hayo nayamudu. Penduli, ile fimbo yenye uzito inayobembea ndani ya kabati, ndiyo inayonitoa roho! Ile ya asili ina karibu mita 1, na kila mbembeo wa upande mmoja ni sekunde 1. Gawa kwa 12, unapata sentimita 8 na ushee. Utadhani itaendelea kuhesabu sekunde? Thubutu! Mvutano wa dunia haujakubali kugawanywa kwa 12. Kifupi hicho kinabembea mara tatu na nusu kwa sekunde, tiktiktik, kama kimekunywa kahawa ya msibani. Na jiwe linaloning'inia kuiendesha saa: la kilo 6, likipungua urefu, upana na kina, unagawa kwa 12 mara tatu, yaani kwa 1,728. Gramu 3 na nusu! Hizo zisukume magurudumu ya meno?

Wajuzi wananishauri nitie mashine ya saa ya mkononi, ya betri, penduli niigandishe kwa gundi. Yaani kabati lilirefushwa karne ya 17 ili penduli ndefu ipate pa kubembea, halafu mimi nijenge kabati, mwenye nyumba nimgundishe ukutani? Sitaki.

Jana shemeji kainama, kakodoa macho. "Shem, inasema saa ngapi?"

Nikamwambia atazame simu yake.