Kadi ya Kukwangulia Barafu

Baridi yote ya mwanzo wa 2023 nilikwangua barafu kwenye kioo cha gari langu kwa dola 1,200, na habari sina.

Hapa Columbus, Ohio, gari likilala nje usiku wa Januari, asubuhi unakikuta kioo cha mbele kimeganda weupe kama kimepakwa chumvi. Watu wazima na akili zao wana chombo maalumu cha kukwangulia. Mimi nimezaliwa Tanga. Chombo cha namna hiyo nilichokulia nacho ni mbuzi ya kukunia nazi, na mbuzi haipandi kwenye kioo.

Mwezi huohuo posta ikaniletea bahasha nyeupe, ndani kadi ya plastiki yenye jina langu. Aliyewahi kuishi Marekani anajua kwamba barua za kukubembeleza uchukue kadi ya mkopo humiminika kama vipeperushi vya wagombea udiwani. Nikajua ni walewale. Ila hii ilikuwa ngumu vizuri, pembe zake kali. Nikaichomeka kwenye mlango wa gari, na tangu siku hiyo mimi na barafu tukaheshimiana.

Sasa turudi nyuma kidogo, Novemba ya mwaka uliotangulia. Ghalani ninapofanya kazi kila Novemba tunaitwa kuchagua bima za mwaka unaofuata. Dada wa ofisi ya utumishi alisimama mbele akaeleza bima ya afya, ya meno, ya macho, kisha akafika kwenye kitu ambacho wenyewe hukiita FSA, yaani akaunti nyumbufu ya matumizi ya afya. Kusema kweli sikumsikiliza sana, maana pale mezani palikuwa na donati na foleni yake ilikuwa inasogea. Nilichodaka ni kwamba pesa inakatwa kwenye mshahara kabla kodi haijaugusa. Ukiweka dola 1,200, ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni, peke yake inakuachia dola 91 na senti 80, hapo kodi ya mapato bado.

Nikajiambia, kumbe hawa watu nao wana kibubu! Tena kibubu ambacho serikali haikitii mkono. Nikajaza 1,200. Hesabu ikaja dola 46 na senti 15 kila baada ya wiki mbili, mara 26. Kichwani mwangu ile ilikuwa nusu ya nauli: Desemba ya 2023 dada yangu anaolewa Tanga, nivunje kibubu, nipande ndege na mwenzangu, tukacheze ngoma. Lile neno “afya” nililisikia, sikatai. Nililichukulia kama mapambo.

Mwaka ukaenda. Niliumwa jino mwezi wa tano nikalipa mfukoni. Mke wangu alipimwa macho mwezi wa nane, daktari akamwandikia miwani mipya, tukasema tungoje hali iwe nzuri. Hali ilikuwa nzuri, imo mlangoni mwa gari.

Wiki ya Krismasi, jamaa mmoja wa Bukavu tunayepanga naye mizigo akanisogelea wakati wa chai.

“Papa, ile franga ya dawa ulishaikula?”

“Franga gani?”

“Ya FSA. Mwaka iko inaisha. Kama wewe haukuikula, bosi ndiye ataikula.”

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Nikatoka nje kwenye baridi nikapiga namba ya huduma kwa wateja.

“Nataka kutoa pesa yangu yote,” nikamwambia mama wa watu. “Nakata tiketi ya ndege.”

“Unasafiri kwa matibabu?”

“Kwa harusi.”

Akanyamaza. Nikamwuliza, kwa adabu kabisa: “Na nikiugua ndani ya ndege, je?”

Akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Akaunti hii si ya akiba. Usichokitumia hadi Desemba 31 kinapotea, kinabaki kwa mwajiri. Sheria inamruhusu mwajiri akuachie kiasi kivuke mwaka, kwa 2023 kikomo kilikuwa dola 610, au badala yake akuongezee miezi miwili na nusu ya kutumia. Mwajiri wangu kati ya hayo mawili alichagua kutochagua. Halafu akanimalizia: dola zote 1,200 zilikuwa tayari kutumika tangu Januari mosi, kabla hata sijakatwa senti. “Kadi yako unayo?”

Nikaenda kwenye gari. Kadi nilikuwa nayo. Imepinda kama kipande cha embe kilichoanikwa juani, namba zimefutika nusu, na ile chipu ya dhahabu imeng’oka imekwenda zake na theluji. Sielewi kwa nini akaunti inaitwa nyumbufu, maana ndani yake hakuna kinachonyumbuka. Kadi ilijitahidi.

Kuagiza nyingine ni siku kadhaa. Zilibaki siku tatu. Mama yule akaniambia naweza kulipa kwa pesa yangu kisha nidai, mradi niwe na risiti inayotaja kitu kimojakimoja, na niitume kabla ya Machi kuisha. Pesa yangu maana yake nini? Ile nusu nyingine ya nauli.

Mke wangu nilipomweleza hakupiga kelele. Alivaa koti, akachukua cheti chake cha macho cha Agosti, akaenda duka la miwani. Matumizi ya mke yanaruhusiwa. Akarudi saa moja baadaye: ameagiza miwani miwili, dola 520, risiti imekunjwa vizuri ndani ya pochi. “Zimebaki 680,” akasema. “Hizo nimwachie nani?” Nikasema niachie mimi. Ndipo tulipokosea.

Niliingia duka la dawa Desemba 30. Nje mawingu mazito, watu wamevaa hadi pua. Kwenye rafu, chini ya bei, baadhi ya vitu vina kibandiko kinachosema vinakubalika FSA. Mimi nikawa nafuata vibandiko kama kuku afuatavyo mahindi. Sikusoma ni kitu gani, nasoma kibandiko. Vipimajoto viwili. Mikanda ya magoti, kulia na kushoto. Dawa za mafua, za tumbo, za kichwa. Hizi zamani zilitaka cheti cha daktari, sheria ya 2020 wakati wa korona ikaziachia huru. Maji ya kusafishia lenzi za machoni, na nyumbani kwetu hakuna avaaye lenzi. Mashine ya kupimia presha, nikimwazia mama mzazi. Pedi ya umeme ya kukandia mgongo. Na losheni ya kuzuia jua, chupa 14. Najua madaktari wa ngozi husema hata sisi weusi tunaihitaji. Lakini Ohio, Desemba, chupa 14! Keshia alinitazama usoni, akatazama dirishani, akaskani.

Na kwa kuwa mkono ulishazoea, nikatia pia vitamini, dawa ya meno na mafuta ya kupaka. Hivi havina kibandiko. Ile kadi ingekuwa nzima, mashine ya kaunta ingevikataa palepale, maana ndivyo ilivyofungwa. Lakini nalipa kwa kadi yangu ya benki, na benki haiulizi meno yako. Jumla dola 683. Keshia akaomba namba ya simu kwa ajili ya pointi, nikampa ya mke wangu.

Tunakaa ghorofa ya tatu, lifti haipo. Nilibeba mifuko yote mara moja, kwa sababu mwanamume wa Tanga hapandi ngazi mara mbili. Ngazi ya pili kutoka juu mgongo ukasema “ka!”

Kwa hiyo ile pedi ya umeme ilifunguliwa usiku uleule, moto wa juu kabisa. Nikajilaza juu yake na suruali yangu, nikalala fofofo. Risiti ilikuwa mfuko wa nyuma.

Risiti za dukani haziandikwi kwa wino. Karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata moto. Asubuhi nilichomoa kitu cheusi tii kama mwani uliokauka, kirefu karibu mita nzima. Hakuna hata herufi. Mke wangu akafungua boksi la mashine ya presha, akanifunga mkononi bila kusema neno. 158 kwa 96. “Nzima,” akasema. “Inafanya kazi.”

Na mashine yenyewe, nilikuja kujua, nisingeweza kumpelekea mama. Pesa hii ni ya kwangu, mke, watoto, na wale ambao sheria ya kodi ya Marekani inawatambua kuwa wanakutegemea. Mama yuko Tanga, si raia wala mkazi wa huku, hatambuliki. Jaribu kumweleza mama mwenyewe kwamba hatambuliki.

Kilichotuokoa ni zile pointi. Orodha nzima ilikuwa imeingia kwenye simu ya mke wangu, kitu kwa bei yake. Akaanza kuisoma kwa sauti, mimi nimelala kifudifudi. Alipofika katikati akasita.

“Vipimo vya mimba. Boksi sita.”

“Vilikuwa na kibandiko.”

“Nani ana mimba?”

“Sikusoma, wallahi.”

Tukatuma. Walinirudishia mwisho wa Januari. Vitamini, dawa ya meno na mafuta wakavikata, dola 61. Kuhusu losheni waliuliza familia yetu ni ya watu wangapi. Nikajibu wawili. Wakakubali chupa nne, kumi wakazikataa, kwamba kulimbikiza hakuruhusiwi. Dola 1,017 zikarudi. Nauli ilishapanda, harusi ilishapita. Niliihudhuria kwa simu ya video, bado nimelala kifudifudi, bibi harusi akidhani nimesujudu. Zile chupa kumi tunazigawa. Hapa Columbus Mswahili akihamia nyumba mpya au akizaa, sisi tunakwenda na losheni.

Siku pesa ilipoingia, posta ikaleta bahasha nyeupe. Nikaishika kwa vidole viwili. Ndipo nilipokumbuka Novemba iliyopita, donati zilikuwepo tena, na kwa furaha ya kibubu changu kinavyokua nilikuwa nimejaza fomu ya 2024. Dola 2,400.

“Punguza,” mke wangu akasema.

“Huwezi kupunguza katikati ya mwaka hadi kitokee kitu kikubwa nyumbani.”

“Kama nini?”

“Kufunga ndoa. Kupata mtoto. Au talaka.”

Akavua miwani yake mipya, akaifuta taratibu kwa ncha ya kanga.

“Ndoa tulishafunga,” akasema. “Mtoto mwaka huu sitaki hata kusikia, na vipimo vyako ninavyo sita. Imebaki ngapi hapo?”