Tezi dume ikitolewa baada ya saratani kusambaa, miaka inayoongezeka inatoka wapi?

Kwa miaka mingi mabingwa wa mfumo wa mkojo walikuwa na desturi moja kwenye upasuaji wa saratani ya tezi dume. Walianza kwa kutoa tezi za limfu za nyonga, vile vifundo vidogo vinavyochuja maji ya mwili, wakazipeleka maabara na kusubiri majibu huku mgonjwa angali amelala mezani. Majibu yakionyesha kwamba saratani imeshaingia kwenye limfu, walimshona na kumrudisha wodini, tezi dume ikiwa palepale. Hoja yao ilikuwa kwamba moto umeshashika paa la jirani, sasa kuzima jiko kutasaidia nini?

Hoja hiyo inaingia akilini upesi. Ila desturi yenyewe iliwaachia watafiti kitu adimu: wanaume wenye ugonjwa uliofika mahali pamoja, baadhi wametolewa tezi dume, wengine wameshonwa nayo. Mwaka 2010 takwimu za rejesta ya saratani ya Munich, Ujerumani, zilionyesha kwamba baada ya miaka 10, waliotolewa tezi walikuwa hai 64 katika kila 100. Walioshonwa bila kutolewa walikuwa hai 28.

Tofauti kubwa namna hiyo humfanya mtu akimbilie kisu. Mimi naanza kwa kuuliza ni nani waliokuwa wakishonwa. Daktari anayekuta limfu moja yenye chembe chache za saratani anaweza kujipa moyo akaendelea. Akikuta limfu nyingi zimevimba na tezi yenyewe imeganda kwenye nyama za jirani, anaacha. Kwa hiyo sehemu fulani ya pengo lile ilikuwepo kabla kisu hakijashikwa. Watafiti hujitahidi kusawazisha mambo haya kwa hesabu, lakini macho ya daktari wakati tumbo liko wazi huona mengi yasiyoandikwa kwenye faili.

Hata hivyo siwezi kusema pengo lote ni la uchaguzi. Kwa saratani iliyoishia kwenye limfu za nyonga, nakubaliana na mabingwa wa leo ambao hawaachi tezi kwa sababu hiyo pekee. Ila upasuaji si mwisho wa tiba. Katika utafiti mmoja wa Marekani, wanaume 98 waliokutwa na saratani kwenye limfu baada ya kutolewa tezi waligawanywa kwa kura: wengine walianzishiwa mara moja tiba ya kuondoa homoni ya kiume, wengine wakasubiri hadi ugonjwa ujitokeze tena. Nusu ya waliowahi waliishi zaidi ya miaka 13.9, nusu ya waliosubiri zaidi ya 11.3. Wote walikuwa wamepita theatre.

Mifupani habari ni nyingine. Kuna takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2014 ambazo watetezi wa upasuaji huzitaja sana. Kati ya wanaume 8,185 ambao saratani yao ilikuwa imeshafika mbali, waliotolewa tezi walikuwa hai kwa asilimia 67 baada ya miaka 5. Wale ambao tezi yao haikukatwa wala kupigwa mionzi walikuwa hai kwa asilimia 22 tu. Kinachosahaulika ni kwamba waliokatwa walikuwa 245, yaani kama 3 katika kila 100. Ni mgonjwa gani ambaye saratani imefika mifupani anayepelekwa kwenye upasuaji mkubwa hivyo? Kwa kawaida ni mwenye umri mdogo, moyo imara, na madoa machache kwenye picha ya mifupa, yaani sehemu chache ambako saratani imejipandikiza. Huyo angeishi zaidi ya wenzake hata kama daktari asingemgusa.

Wanaotetea kushughulikia tezi wana hoja yenye uzito pia: tezi iliyoachwa inaweza kuendelea kutuma chembe mpya, na ikikua huziba njia ya mkojo, mzee akaishia kuishi na mpira wa mkojo. Hoja hiyo imepimwa vizuri zaidi kwa mionzi kuliko kwa kisu. Jaribio la STAMPEDE la mwaka 2018 liligawa wanaume 2,061 kwa kura. Kwa ujumla wao, mionzi kwenye tezi haikuongeza maisha. Wenye madoa machache lakini walinufaika: baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 81, dhidi ya 73 kwa wasiopigwa mionzi. Kisha mwaka 2024 yakaja matokeo ya jaribio jingine, PEACE-1, ambalo wagonjwa wake walipata dawa kali zaidi. Humo mionzi ilipunguza matatizo makubwa ya njia ya mkojo, ila haikuthibitika kurefusha maisha, hata kwa wenye madoa machache. Huenda dawa zikiwa bora, kazi inayobaki kwa mionzi hupungua.

Kwa upande wa kisu, ushahidi wa kura ni mwembamba. Uko utafiti wa China wa mwaka 2022 wenye wanaume 200 wa madoa machache, ambamo waliotibiwa tezi, wengi wao kwa upasuaji, walikuwa hai asilimia 88 baada ya miaka 3, dhidi ya 70. Unatia moyo. Lakini ni wagonjwa 200, na miaka 3 kwa ugonjwa huu ni mapema. Kwa sasa, mwenye madoa machache mifupani ningemwelekeza kwenye mionzi kwanza, kisu kibaki kwa walio ndani ya utafiti au walioziba mkojo kabisa. Mwenye madoa mengi simwoni akifaidika na upasuaji huu, na kuvuja mkojo na kupoteza nguvu za kiume si gharama ndogo.

Huku kwetu, daktari akimwambia mzee ambaye saratani imefika mifupani kwamba atafanyiwa upasuaji, mara nyingi anazungumzia kutoa korodani, ambazo ndizo hutengeneza homoni ya kiume, wala tezi dume haiguswi. Ndiyo tiba ya homoni aliyoionyesha daktari Charles Huggins mwaka 1941, hufanyika mara moja, na huokoa gharama ya sindano za kila baada ya miezi mitatu. Wazee wengi huikataa kwa aibu, kisha hukosa sindano kwa sababu ya fedha. Familia inayouliza kama tezi itolewe au isitolewe inafaa iulize kwanza kama homoni imeshakatwa, na madoa ni mangapi. Yakiwa machache, ratiba mojawapo ya STAMPEDE ilikuwa mionzi mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na mzee anayetoka mkoani kuja Dar es Salaam anaweza kupanga safari sita.